Mivinje Kumi na Moja

Chujio la chai lilipotea tena Jumatano ile, na Mama hakuhitaji kuuliza nani amelichukua. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha treni ya mfano, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika birika linalofuka.

"Leo chai tunaitafuna na majani yake, au mna mpango gani?"

"Dakika mbili tu, Mama," alisema Kimya bila kuinua kichwa.

"Dakika mbili za humu ndani nazijua mimi. Sponji yangu ya vyombo mliichukua kwa dakika mbili, sasa hivi ni kichaka."

Baba alicheka kwa upande wa kushoto wa mdomo, ule ambao kiharusi kilimwachia. "Mama Kimya, reli bila kokoto inazama. Unataka treni ianguke, watu wafe?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Mama alimwangalia kidogo, akageuka na birika lake, akaenda zake. Chai siku hiyo ilinywewa imechelewa, na hakuna aliyelalamika.

Kimya aliendelea kuchekecha mchanga. Alikuwa akiupitisha kwanza kwenye kipande cha wavu wa dirisha, kisha kwenye chujio. Zile chembe zilizopita kwenye wavu zikakwama kwenye chujio ndizo zilizokuwa kokoto. Alizimimina katikati ya mataruma yanayobeba reli kwa kijiko cha dawa, akazisawazisha kwa brashi, akanyunyiza maji yenye tone la sabuni, halafu akadondosha gundi nyeupe iliyozimuliwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Siri ilikuwa kwenye ile sabuni. Bila sabuni gundi hukaa juu kama shanga na kuvuruga mchanga wote. Ikiwa na sabuni huzama taratibu, na kesho yake ukigusa unakuta jiwe.

Mji wote ulikuwa juu ya milango miwili ya mbao iliyounganishwa ncha kwa ncha. Kilima kilikuwa wavu wa kuku uliofunikwa kwa magazeti na uji mzito wa unga wa ngano, kisha plasta. Majani yalikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya nguo. Mtaro wa maji machafu ulikuwa vanishi, matabaka matano, kila tabaka siku moja. Treni yenyewe, injini moja na mabehewa sita, Baba aliinunua zamani kwa mtu aliyekuwa akihama, wakati bado ana mshahara na mikono miwili. Siku hizi mikono ilikuwa ya Kimya. Baba alikaa kwenye kiti chake cha mikono, akaonyesha kwa kidole cha kushoto, akasema, na binti yake akatengeneza.

Haukuwa mji wa kubuni. Ulikuwa mtaa wao wenyewe, kutoka kona ya kilima mpaka kwenye geti la reli, kama ulivyokuwa asubuhi moja miaka kumi na minne iliyopita.

Baba alikuwa mlinzi wa geti hilo, ndiyo maana mpaka leo mtaa unamwita Geti. Kazi yake ilikuwa kushusha ule mti wenye mistari myekundu treni ikija na kuuinua ikishapita. Wiki ile kengele ya kibanda chake ilikuwa mbovu, yakabaki macho yake. Saa nne asubuhi, mti ukiwa juu, pikapu iliyopakia vitambaa iliingia relini na treni ya mizigo ikaipiga. Dereva wa pikapu alitoka na mkono uliovunjika. Mke wa Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya majora ya mume wake, hakutoka.

Fundi ndiye mshona nguo wa mtaa. Yeye na Baba walikuwa kama sahani na kawa. Kimya alimwita Baba Mdogo, na marehemu mkewe akamwita Mama Mdogo, na sare zake zote za shule zilikatwa na wao. Kamati iliyochunguza ajali ilisema mlinzi alisinzia. Baba alisema hakusinzia hata kidogo: alikuwa amesimama dirishani, akaangalia upande wa kona, akaona miti. Mivinje kumi na moja iliyopandwa kando ya reli ilimziba. Hawakumsikiliza. Akamwaga unga, na Kimya akatolewa darasa la tano akabaki nyumbani, na kwa kuwa hata kabla ya hapo alikuwa mtoto wa maneno machache, jina likamganda. Fundi naye, tangu siku ya mazishi, hakumtamkia Baba neno. Nyumba tatu tu zinawatenganisha. Akimwona anakuja, anavuka barabara.

Baba hakuwa anatafuta fidia wala kurudishwa kazini. Ile reli yenyewe ilishafungwa. Alitaka jambo moja kabla hajaondoka duniani: Fundi aweke jicho lake kwenye kidirisha cha kile kibanda, treni ipite, na aone kwa jicho lake kwamba haionekani.

Kwa hiyo kibanda kilijengwa ukingoni kabisa mwa meza, bila ukuta wa nyuma, mtu aweze kuinama na kuchungulia. Vipimo vilikuwa mita moja ya dunia kwa sentimita moja ya mezani. Treni ilizidi kidogo, Baba akasema hiyo wataisamehe. Kwenye kitufe cha umeme alichora alama nyekundu: ukikizungusha hadi hapo, injini inatoka kona na kufika getini kwa sekunde kumi na saba, sawasawa na asubuhi ile. Na kwa sababu shingo yake haikuweza tena kuinama bila kushikwa, jicho pia lilikuwa la Kimya.

"Unaona nini?"

"Miti, Baba."

"Treni je?"

"Hapana."

"Haya." Akatulia kama mtu aliyetolewa mwiba.

Mivinje ilimchukua Kimya majuma sita. Alikwenda getini na fimbo ya urefu wa mita moja, akaisimamisha juani, akapima kivuli chake, kisha akapima kivuli cha kila mti. Kumi na tano, kumi na nne na nusu, kumi na tano. Aliporudi alisokota nyaya za shaba alizochuna kwenye waya wa umeme mbovu, akazitawanya juu ziwe matawi, akazipaka gundi yenye unga wa magome, akabandika nyuzi za kamba ya katani zilizochambuliwa mpaka zikawa kama nywele, akazinyunyizia kijani. Mama mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisimama akaangalia akasema, "Utadhani ukikaa chini yake utapata upepo."

Fundi alikubali kuja. Kimya ndiye aliyekuwa ametumwa, Jumatatu ya juma hilohilo. Alimkuta na pini mdomoni, amepiga goti anapunguza suruali ya mwalimu mmoja aliyekuwa amesimama juu ya stuli.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Hakuna mtu aliyemwita hivyo kwa miaka kumi na minne. Alichomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati.

"Marahaba. Kasema nini?"

"Anaomba uje uone reli. Ameumwa sana. Anasema uje mara moja tu."

"Kwani huko reli kuna nini?"

"Kibanda. Na kila kitu."

Mwalimu juu ya stuli alijifanya anaangalia dari. Fundi alirudisha pini mdomoni, akazungumza kwa pembe ya mdomo: "Jumapili. Saa tisa nikishafunga. Na mama yako asijisumbue kupika."

Baba alipopewa habari hiyo alilia, kisha akaanza kuona upungufu kila mahali. Kibao cha duka hakina kutu. Waya za simu zimelegea mno. Ukuta wa kituo uchafuliwe kwa maji ya chai ya rangi. Alhamisi, chai imeshanywewa na chujio limerudi jikoni, akasema:

"Pale kwenye mivinje, mwanangu, niwekee na wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unakuja na kopo la maziwa ya unga, umevaa sare, unaimwagilia. Nilikuwa nakuona kutoka dirishani, nacheka peke yangu. Fundi akikuona pale atakumbuka tulivyokuwa tunaishi."

Kimya alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alikata kipande cha waya wa simu, akakikunja kiwe mtu, akakinenepesha kwa karatasi ya chooni iliyolowekwa gundi. Msichana wa miaka kumi na moja: sentimita moja na robo, pungufu kuliko ukucha wake wa kidole gumba. Sketi ya buluu. Kopo lilikuwa punje ya risasi iliyotobolewa. Sanamu ilipokauka aliishika kwa kibano, akaiweka kwenye mvinje wa tatu, mikono imeinuliwa kumwaga maji.

Akarudi nyuma kuangalia.

Kale kasichana kalikuwa kanamwagilia mnara. Kichwa chake hakikufika hata kwenye tawi la kwanza. Hakuna mtu duniani anayebeba kopo la maji kwenda kumwagilia mti wa mita kumi na tano. Mti unamwagiliwa ukiwa mchanga, ukiwa bado unaweza kufa.

Alikumbuka vizuri. Jioni ya kuamkia siku ya ajali alikuwa pale, ilikuwa kiangazi, na ncha za ile miche zilikuwa zinamchoma kifuani kupitia sare. Mama Mdogo alipita na kikapu, akasimama, akamtania: "Mwagilia tu, wewe. Vijiti hivyo mwakani vitakushinda urefu, halafu vikucheke." Maneno yake ya mwisho kwa Kimya. Aliyatunza miaka yote hiyo kwa sababu ya sauti iliyoyasema, na hakuwahi kuyapima yanasema nini.

Mivinje aliyoipima kwa fimbo ilikuwa ya mwaka huu.

Baba alikuwa amepelekwa kuoga. Kimya aliichomoa miti yote, akapiga magoti, akaweka jicho kwenye kidirisha, akanyoosha mkono na kuzungusha kitufe hadi kwenye alama nyekundu. Injini ilitoka kona. Aliiona. Akaendelea kuiona, ikakua, ikajaa kidirisha, mpaka ikapita puani pake. Kumi na saba. Mtu angeweza kuiona, akakohoa, akavaa viatu, na bado akashusha geti.

Aliirudisha miti. Hakusema kitu siku hiyo. Ijumaa asubuhi akapiga moyo konde.

"Baba, miti tumeikosea."

"Tumeikosea nini? Si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima ya sasa. Wakati ule ilikuwa midogo."

Mkono wa kushoto wa Baba uliacha kupapasa kiti. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwa naimwagilia, Baba. Umesema mwenyewe."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto anakumbuka nini?"

"Mtoto anaona vitu vikubwa kuliko vilivyo," alisema Kimya, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Havioni vidogo kuliko vilivyo."

Baba aliangalia meza. Inzi alitua juu ya paa la kituo, mkubwa kama ng'ombe, akatembea, akaruka. Kimya alidhani anatafakari. Alidhani atauliza kitu. Badala yake akainua kidole.

"Mtoe huyo."

"Nani, Baba?"

"Huyo mtoto. Mtoe. Panajaa mno pale."

Alimtoa kwa kibano. Gundi ilikuwa imeshashika, na kiguu kimoja kilibaki kwenye nyasi.

Jikoni, Jumamosi, Mama alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua alipokuwa anaambiwa. "Nilisikia," alisema. "Kuta zenyewe hizi ni kama karatasi zenu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi nimelala na mtu huyo miaka thelathini na miwili. Akishtuka usingizini anasema 'miti'. Ukimwondolea miti, utambakizia nini?" Akatupa jiwe dogo nje ya dirisha. "Hukusoma sana, lakini hilo halihitaji shule."

Jumapili saa tisa na dakika chache Fundi alipiga hodi. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mama alimpokea: "Karibu, shemeji," naye akajibu, "Nimekaribia," kama walioachana jana. Lakini alipoingia chumba cha treni hakukaa. Baba alikuwa amevalishwa koti. Walitazamana, wanaume wawili waliozeeka kila mmoja peke yake.

"Umekonda," alisema Fundi.

"Wewe umenenepa. Cherehani inalipa."

Fundi karibu atabasamu. Akazunguka meza taratibu, mikono nyuma, na Kimya alimwona anavyotambua: duka lake lenye kibao kilichopinda, benchi la nje, kamba yenye mashati ya milimita tano. Alisimama kwenye ile kamba kwa muda. "Nani kashona?"

"Sijashona, Baba Mdogo. Nimebandika."

"Hm. Kola zimekaa."

Baba hakuweza kungoja zaidi. "Inama hapo. Weka jicho dirishani. Ndugu yangu, nakuomba, mara moja tu. Mimi nilisimama hapo."

Fundi aliinama. Kimya alizungusha kitufe. Treni ilitoka kona, ikapita nyuma ya mivinje, ikafika getini.

"Umeona?" aliuliza Baba. "Umeiona?"

"Sijaiona," alisema Fundi, bado ameinama. "Nimeiona imeshafika."

"Si ndiyo! Si ndiyo nilivyowaambia! Miaka kumi na minne nawaambia!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na Mama mlangoni alishika fremu.

Fundi alinyooka. Uso wake ulikuwa umelegea, na Kimya aliona kwamba kungetosha kunyamaza tu, mambo yakaenda yenyewe, watu wakanywa chai. Lakini yule alikuwa mtu aliyepima miili ya watu maisha yake yote. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mvinje, akaupima kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka chini hadi ncha, kisha akaupima mlango wa duka lake.

"Huu ni wa mita ngapi?"

"Kumi na tano," alisema Baba.

"Kimya. Si wewe uliyekuwa unaimwagilia?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Ilikuwa inakufika wapi?"

Alimtazama Baba. Baba hakumtazama. Kimya angeweza kusema amesahau. Hakuna ambaye angeshangaa, yeye hajawahi kuwa msemaji. Maisha yake yote kunyamaza kulikuwa mahali pa kujificha. Leo alijificha humo kwa pumzi mbili tatu, akaona hapatoshi, kwa kuwa kila pumzi aliyonyamaza Fundi alikuwa anaisoma.

Aliinua mkono, akauweka kifuani.

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. "Hata mimi nakumbuka hivyo. Nilidhani labda ni uchungu unanidanganya. Itoe."

"Usiiguse!" alisema Baba.

Kimya aliitoa. Kumi na moja, mmoja baada ya mwingine, akailaza pembeni kama kuni. Fundi aliinama tena, na safari hii alihesabu kwa sauti, kwa utulivu, kama anavyohesabu inchi za kiuno. Alipofika kumi na saba treni ilikuwa getini. Magoti yake yalilia alipoinuka.

"Geti," alisema. "Nimekuja hapa nimeshayamaliza moyoni. Nilijiambia: akisema tu 'nilisinzia, ndugu yangu,' namshika mkono, tunakunywa chai, yameisha. Neno moja hilo. Wewe umenijengea mji mzima ili usiliseme."

"Sikusinzia."

"Haya."

"Nakuapia, Fundi. Sikusinzia! Nilikuwa nimesimama, macho wazi!"

"Basi ni vibaya zaidi," alisema Fundi. "Kama ulikuwa macho, ni vibaya zaidi." Na sauti yake haikupanda. Alitoka, akampisha Mama aliyekuwa koridoni na sinia, akamwambia samahani, shemeji. Wakasikia mlango wa nje ukifungwa kwa adabu.

Mama aliweka sinia mezani jikoni, akakaa nalo hukohuko.

Jua lilihama kutoka kwenye kilima cha plasta likafika kwenye kituo. Kisha Baba akauliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza saa:

"Kama miti haikuniziba, nilikuwa nafanya nini?"

"Sijui, Baba. Nilikuwa shule."

"Nilikuwa nimesimama. Hilo nalijua." Akafikiri. "Nisogeze."

Kimya alisukuma kiti mpaka ukingoni mwa meza, akamwinamisha, akaishika shingo yake kwa kiganja na taya kwa vidole, jicho likafika kwenye kidirisha. Alikuwa mzito, na ndevu zake fupi zilikuwa zimelowa. Kwa mkono wa pili akazungusha kitufe.

Treni ilitoka kona, ikaja, ikapita.

"Tena."

Alirudisha nyuma, akaanza tena. Injini ilianza kunuka joto. Baba hakusema anachokiona, naye hakuuliza. Ila taya lake lilikuwa linatembea ndani ya vidole vya Kimya, kidogo kidogo, linahesabu, na kila mara lilifika kumi na saba ndipo likasimama.

"Tena," alisema.